Naomba ushauri: tunataka afisa misitu wetu atambuliwe

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji, pwani ya kusini mwa Tanzania. Afisa misitu wa halmashauri ametufufulia mikoko. Maji yakipwa anaingia topeni pamoja na akina mama, anawaonyesha namna ya kuchomeka zile mbegu ndefu, ncha chini. Palipokatwa boriti hadi pakabaki tope tupu sasa pana kijani, na kaa wamerudi. Mtu huyu anastahili, jamani.

Mei Mosi kwetu mfanyakazi hodari huchaguliwa na wenzake ofisini, na kazi ya topeni hawaioni. Tumemwandikia mkurugenzi kupitia mtendaji wa kijiji na wa kata, kimya. Tungependa apewe cheti hadharani tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani.

Naomba kujua: pendekezo la wananchi tulipitishe kwa diwani au kwa afisa utumishi, ili liingie kwenye jalada lake? Na kijiji kikimpa zawadi, mfano baiskeli, mbele ya mkutano mkuu, si atahesabiwa amevunja maadili ya utumishi? Hatutaki shukrani yetu imponze.