Matunda kwa watoto wa shule za serikali, tunaanzaje?

mzazi_moshi: Wakuu habari, shule ya mwanangu hapa Moshi mchana ni makande tu kila siku, tunda hamna, na huku parachichi zinaozea shambani kwetu, inauma kweli. Tunaanzaje bila kuongeza mchango?

bibi_shamba: Pole mwanangu. Anzeni na mchicha na mnafu, hata kwenye viroba vinaota, kama mwezi hivi mnachuma, maji waliyosuuzia matunda ndo mnamwagilia.

kijana_tengeru: Mkuu peleka kwenye kamati ya shule, wenye miparachichi walete kwa zamu. Sisi huku Arusha tunanunua sokoni Tengeru Jumamosi jioni bei ikishuka, na chungwa wapewe palepale na makande, vitamini C inasaidia mwili kufyonza madini chuma ya maharage.

mzazi_moshi: Asanteni, napeleka kikaoni.