Tunataka kumchangia mama lishe agombee uenyekiti wa mtaa. Hela zikusanyweje?

FundiCherehani_Tandika
Habari za jioni wanajukwaa. Mimi nashona Tandika, jirani na soko. Kuna dada mwenzetu anapika pale magari ya viazi yanaposhusha. Kuli na bodaboda wote wanakula kwake. Masika mtaro ulipoziba na maji machafu yakaingia vyumbani, ndiye aliyezunguka na daftari nyumba kwa nyumba akikusanya sahihi, akalipeleka hadi kata, akakaa kwenye benchi mpaka mtu akatoka kumsikiliza. Mtaro ulizibuliwa. Tunamtaka agombee uenyekiti wa mtaa 2029.

Najua mtasema 2029 ni mbali. Kwa sisi wa kula kwa siku si mbali hata kidogo. Hela ya uchaguzi ikianza kutafutwa miezi miwili kabla, lazima itoke kwa mtu mmoja mwenye nayo. Tumeshaliona. Mgombea mmoja alibebewa kila kitu: spika, fulana, mpaka pilau. Baadaye kiwanja walichokuwa wanachezea watoto mpira kikaanza kuzungushiwa mabati, na tulipokwenda kuuliza tukaambiwa turudi wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo haijafika.

Wazo letu ni watu 60, kila mtu buku (elfu moja) kwa wiki. Je, sheria inaturuhusu? Tupitishie kwenye kikoba chetu? Na chama kikimkata kwenye kura za maoni, hela inakwenda wapi?

MzeeWaBandarini
Mwanangu, hamjaanza ninyi. Makuli wa bandari ya hapa hapa Dar waligoma 1947 wakiwa hawana tajiri nyuma yao. TANU ilipoanza 1954 ilitembea kwa kadi na michango. Bibi Titi Mohamed alipita kwa kina mama wa mjini, wauza vitumbua na wapika pombe, akawaingiza chamani kwa maelfu. Nyerere alipokwenda New York 1955 kuzungumza kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, watu walichangishana nauli. Ndiyo, John Rupia alikuwa mfanyabiashara na alitoa nyingi. Lakini wenye kadi walikuwa wengi mno kwa chama kuwa mali ya Rupia. Kwa hiyo msimkatalie mwenye uwezo akitaka kutoa, ila mwekeeni kikomo, na hicho kikomo kiwe kidogo.

Nimekuwa kwenye chama cha wafanyakazi miaka mingi, kwa hiyo niongeze la Uingereza. Kule wabunge hawakulipwa mshahara hadi 1911. Mchimba makaa akichaguliwa, angekula nini London? Vyama vya wafanyakazi vilikata senti kwa wanachama ili kumtunza. Mwaka 1909 mahakama ikasema chama cha wafanyakazi hakina ruhusa ya kutumia michango kwa siasa. Sheria ya 1913 ndiyo iliyofungua njia: mfuko wa siasa ukae peke yake, wanachama wakubaliane kwa kura, na asiyetaka kuchangia asilazimishwe wala asinyimwe haki zake. Hayo mambo matatu yachukueni kama yalivyo.

MsaidiziWaSheria_Temeke
Mzee kanirahisishia kazi. Dada, kikoba msikiguse. Kama kimesajiliwa, kiko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na kazi yake ni akiba na mikopo. Siku mmoja akiwa chama kingine, na yupo, atauliza akiba yake imekwendaje kwenye kampeni, na atakuwa na haki. Fungueni mfuko mwingine kabisa.

Pili, Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inawagusa wagombea urais, ubunge na udiwani. Uchaguzi wa mitaa una kanuni zake chini ya TAMISEMI, na hutolewa upya kila uchaguzi, kwa hiyo zisomeni zikitoka. Hata hivyo andikeni kana kwamba mtakaguliwa. Mgombea binafsi haruhusiwi, lazima apitie chama, basi awe na kadi hai mapema.

Tatu, hela isiwafikie wapiga kura. Takrima, yaani ruhusa ya mgombea kuwakirimu wapiga kura, ilifutwa na Mahakama Kuu mwaka 2006. Sahani moja ya wali kwa mpiga kura inatosha kuwaharibia.

Boda_Mbagala
Mimi naunga mkono ila buku kila wiki kwa miaka yote hiyo watu watachoka. Kijiweni kwetu mchango wa msiba tu unagombanisha. Na kura za maoni ndipo hela inapomwagwa usiku. Mtashindana na nini?

MwekaHazina_Buguruni
Boda, anza na jero (mia tano) kwa wiki, na mwezi wa mfungo simamisha. Watu 100 wa jero wana nguvu kuliko 60 wa buku, kwa sababu kila mmoja ana kura, ana mke, ana jirani. Kwenye kura za maoni hao ndio jibu lako. Wawe wanachama wenye kadi wanaohudhuria vikao, wasiwe watazamaji.

Niliwahi kushika daftari la mgombea wa mtaa. Hela haiishii kwenye fulana. Inaishia kwa mawakala. Wakala anaacha genge lake kutwa nzima, anakaa kituoni tangu asubuhi mpaka kura zihesabiwe. Asipokuwa na nauli, chakula na vocha, saa nane ameshaondoka, na hapo ndipo mnapoibiwa. Nusu ya mfuko iwe ya mawakala, isiguswe kwa spika wala kwa bango.

Daftari lisomwe kwa sauti kila mwezi mbele ya wote, jina na kiasi. Mgombea mwenyewe asishike hata shilingi.

FundiCherehani_Tandika
Shikamoo mzee wangu, na ahsanteni wote. Kikoba tumekitoa. Tunaanza na jero, kikomo elfu thelathini kwa mtu mmoja kwa mwaka, awe nani. Akikatwa, wachangiaji watapiga kura: kugawana kilichobaki au kukiweka kwa ajili ya ujumbe wa serikali ya mtaa, maana na huko tunahitaji watu wetu. Mawakala sikuwa nimewafikiria kabisa. Mweka Hazina, kama daftari lako bado lipo, nipigie picha ukurasa mmoja nione ulivyopanga safu.