Athi inasoma omu 85 kiangazi hiki Tabora: niongeze rodi au nibadili meni swichi?

Fundi_Ipuli: Wakuu, nyumba ya vyumba vitatu, fezi moja, mita ya LUKU. Rodi moja ya athi (nondo ya kupeleka umeme uliovuja ardhini) ya futi 4 nyuma ya jiko, kipimo cha upinzani wake Septemba ni omu 85. Meni swichi ni ya ampea 63 na inakata laivu peke yake. Soketi ziko kwenye breka ya 32. Mwenye nyumba anataka pampu ya kisima na jenereta. Nikiongeza rodi, breka zitakata laivu ikigusa bodi (gamba la chuma la kifaa)?

Nyaya_Kigoma: Hazitakata. Gawa 230 kwa 85: ampea 2.7. Breka ya 32 haishtuki kabisa, na bodi ya friji itabaki na umeme hadi mtu aiguse akiwa pekupeku. Hata ukishusha hadi omu 10 utapata ampea 23, bado haikati. Hapo kinachookoa maisha ni RCD (swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja) ya miliampea 30, na kwa omu 85 itafanya kazi bila shida. Meni swichi iwe ya kukata laivu na nyutro kwa pamoja, maana laivu na nyutro zikigeuzwa huko kwenye nguzo, hiyo uliyonayo ukiizima nyumba nzima inabaki na umeme.

Mchanga_Mkavu: Rodi usiiache hivyo hivyo. Kichanga cha Tabora kikikauka, futi 4 zote ziko kwenye udongo mkavu. Unga rodi mbili kwa kapla (kiungio) zishuke mita 2.4, au chimbia ya pili mita 2.5 kutoka ya kwanza, zikikaribiana hazisaidiani. Chumvi achana nayo: mvua za Novemba zinaisomba, na ikibaki inakula klampu hadi inaota kutu ya kijani na nati inazunguka kwa kidole. Waya wa shaba wa milimita 16 za mraba, klampu ya shaba, na kisanduku chenye mfuniko. Tafadhali usiifukie kwa zege, nani ataikagua?

Fundi_Ipuli: RCD niliijaribu, inakata kila taa za chumba cha pili zikiwashwa.

Nyaya_Kigoma: Nyutro ya taa hizo inagusa athi, au imeunganishwa kwenye nyutro ya kabla ya RCD. Zichomoe moja moja kwenye baa ya nyutro uipate. Wengine huunga nyutro na athi ndani ya soketi ili "athi iwepo"; nyutro ikikatika nguzoni, kila bodi ya chuma nyumbani inakuwa laivu.

Jenereta nayo ipitie cheinjiova (swichi ya kuchagua umeme wa gridi au wa jenereta) ya kukata laivu na nyutro, yenye mkao wa kuzima katikati. Ukiichomeka kwenye soketi, umeme unarudi hadi transfoma, unakuzwa kuwa maelfu ya volti, na kule kuna fundi wa laini ameshika waya akiamini umezimwa. Bodi ya jenereta iunge kwenye athi hiyo hiyo. Ukimaliza, bonyeza kitufe cha T (cha kujaribia) cha RCD. Isipokata, ibadilishe kabla hujaondoka.