Je, unene wa kupindukia ni udhaifu wa kujizuia?

Mleta mada: Vipimo vya saikolojia vimeonyesha mara nyingi kwamba watu wenye unene wa kupindukia hupata, kwa wastani, alama za chini kidogo katika kazi zinazodai kujizuia na kubadili mwelekeo, yaani kazi zinazotegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo. Kwa nini basi tusikiri kwamba tiba ya kwanza ni kujifunza kujitawala?

Mchangiaji: Ndugu mleta mada, matokeo hayo sikatai, ila hukumu uliyoyabebesha imeyazidi uzito. Mwishoni mwa 1944, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua vijana 36 waliojitolea, wote wenye afya ya mwili na akili, na mwaka uliofuata akawapunguzia chakula kwa muda wa miezi sita hivi. Watu hao hao imara walifikia kulamba sahani, kukusanya vitabu vya mapishi na kuvuta mlo mmoja kwa karibu saa mbili, huku wakilalamika kwamba akili haitulii. Na waliporuhusiwa kula, baadhi yao walikula kupita kiasi wakabaki wanahisi njaa. Sasa mtu aliyejinyima chakula mara kumi maishani mwake, tena halali vizuri kwa sababu pumzi humkatika usiku, ukimpima leo unapima tabia yake au unapima njaa na uchovu?

Tena iangalie anoreksia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ajinyime chakula hadi akonde kupita kiasi, ambayo kwa macho ya nje ndiyo kilele cha kujitawala. Mgonjwa hupewa kadi za kupanga kwa rangi, umbo au idadi, kanuni ikibadilishwa bila taarifa. Kwa wastani, wagonjwa hao hung'ang'ania kanuni ya zamani kuliko watu wasio na ugonjwa huo, hata wanapoambiwa kila mara kwamba wamekosea. Basi alama za chini katika kubadili mwelekeo si ushahidi wa kukosa kujitawala.

Mleta mada: Hoja ya njaa naipokea. Lakini watoto wenye tatizo la kukosa umakini na utulivu wana uwezekano mkubwa zaidi wa kunenepa, na hao hawajawahi kujinyima chochote.

Mchangiaji: Hiyo ni nzito kuliko ya kwanza, wala sina haraka ya kuipuuza. Hata hivyo, mtoto huyo humhubirii nidhamu ukamwacha hapo; unampa matibabu, pamoja na dawa inapolazimu, na kumpangia siku yake ili asilazimike kujizuia kila dakika. Mtu mzima mwenye unene namdaia hayo hayo.