Maelezo binafsi ya kuomba utafiti wa hisabati: nianze na nini?

Binti_Tanga:
Habari za jioni wakubwa zangu. Nasoma shahada ya hisabati hapa Minnesota, nina ukaazi wa kudumu, na nataka kuomba REU, zile programu za utafiti za kiangazi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Naiwaza zaidi ile ya Duluth, aliyoianzisha profesa Joseph Gallian mwaka 1977. Rasimu yangu inaanzia Tanga, nikimhesabia mama chenji ya vitumbua, halafu inapanda darasa kwa darasa mpaka chuo. Rafiki yangu kaisoma, anasema inagusa moyo. Inatosha?

Kaka_Msomi:
Mdogo wangu, inagusa kweli. Ila anayeisoma anatafuta mtu wa kukaa na swali gumu kiangazi kizima. Mama na vitumbua wabaki, sentensi moja. Sasa niambie: swali gani la hisabati umelihangaikia bila kutumwa na mwalimu?

Binti_Tanga:
Lipo kaka. Chukua mfuatano wa Fibonacci, ambapo kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia: 0, 1, 1, 2, 3, 5, 8... Gawanya kila namba kwa 2 uangalie mabaki: yanajirudia kila hatua 3. Kwa 4 ni hatua 6. Kwa 3 ni 8, kwa 9 ni 24. Kwa 5 ni 20, kwa 25 ni 100. Yaani ukitoka kwenye namba tasa kwenda kwenye mraba wake, urefu unazidishwa kwa namba tasa ileile! Nimethibitisha kwamba lazima yajirudie, maana jozi za mabaki zina ukomo na unaweza kurudi nyuma kwa kutoa. Ila hilo la kuzidisha sijalithibitisha, ndiyo maana sikuliandika.

Kaka_Msomi:
Hiyo ndiyo aya yako ya kwanza! Mwaka 1960 mwanahisabati D. D. Wall aliuliza hilohilo: je, ipo namba tasa ambayo urefu haubadiliki ukienda kwenye mraba wake? Mpaka leo haijapatikana hata moja. Umelifikia kwa kalamu na daftari lako. Andika ulichokokotoa, ulichothibitisha, na mahali hasa ulipokwama. Maneno kama "nina shauku kubwa" yaondoe yote. Kisha sema kwa nini Duluth: wanafunzi wao huandika sana juu ya kombinatoriki (hisabati ya kuhesabu mipangilio) na nadharia ya namba, na swali lako limekaa humo humo.

MamaWawili:
Mwanangu, profesa anayekuandikia barua ya mapendekezo mwonyeshe hilo daftari kabla hajaandika. Na wengine mnaosoma hapa kwa viza ya mwanafunzi, F-1: fedha za REU za National Science Foundation, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, ni za raia wa Marekani na wakaazi wa kudumu, kwa hiyo tafuteni programu zenye mfadhili mwingine.

Binti_Tanga:
Shikamoo mama, asante sana. Kaka, nimeanza upya: "Mabaki ya Fibonacci kwa 3 hujirudia kila hatua 8, kwa 9, kila hatua 24. Nataka kujua kwa nini." Niweke na jedwali?

Kaka_Msomi:
Weka, dogo tu. 2, 3, 5 na miraba yake.