Kutumia mafao ya mkupuo kujenga vyumba vya kupangisha

Mwalimu wa Dodoma:
Ndugu zangu, mwakani natimiza miaka 60, na nakusudia kujenga vyumba vinne vya kupangisha kwa shilingi milioni 45 kutoka kwenye mafao yangu ya mkupuo, yaani fedha nitakazolipwa kwa mara moja nikistaafu. Kila chumba kitalipiwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Je, kipato hicho kitaweza kuongezea pensheni?

Fundi Hesabu:
Shikamoo Mwalimu. Vyumba vikijaa mwaka mzima utapata shilingi 3,840,000, yaani takriban asilimia 8.5 ya mtaji, kabla ya kodi ya zuio (inayokatwa kwenye malipo ya pango) ya asilimia 10, kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla), na miezi ambayo chumba kinasubiri mpangaji. Kwangu karo la choo lilijaa katikati ya masika, wapangaji wawili wakahama ndani ya wiki moja wakidai warudishiwe kodi waliyolipa miezi sita mbele, nami nilikuwa nimekwisha kuinunulia mabati.

Bibi Mjasiriamali:
Nakubaliana naye, ingawa kodi ya pango hupanda na maisha, ilhali hatifungani ya serikali ya miaka 20 (yaani unaikopesha serikali), ambayo hulipa riba kila baada ya miezi sita bila kukuamsha usiku kwa bomba lililopasuka, riba yake haibadiliki. Ningejenga vyumba viwili tu, vyenye choo ndani, na kiasi kilichobaki ningekiweka huko.

Mwalimu wa Dodoma:
Marahaba, na ahsanteni. Hesabu ya karo sikuwa nimeiweka kabisa.