Pikipiki ya shafti inalia nyuma: nisikilize, nimwage oili au nifungue kabisa?

nati_kumi
Wakuu habari. Nna pikipiki ya shafti (chuma kinachozungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni) ya miaka ya themanini, cc 750, naipenda sana kwa vile sihangaiki na cheni, sasa wiki ya pili inanilia nyuma. Nikienda taratibu sisikii kitu, ikifika 50 au 60 hivi nikiachia mafuta inaanza kukwaruza kama mchanga unasagwa, nikikaza mafuta inatulia. Alafu nikiondoka gia ya kwanza kuna "ka!" moja nzito chini ya siti. Fundi mmoja kasema difu (boksi la gia kwenye gurudumu la nyuma) imekwisha tafuta nyingine, mwingine kasema mwaga oili utaona mwenyewe, na kuna anayesema ipige stendi iungurume nisikilize kwa bisibisi. Mi naona bora nifungue hadi shafti yenyewe nimalize ubishi. Nyie mngeanza na ipi?

mzee_wa_spana
Difu usinunue kwa maneno ya mtu, hata mimi usinisikilize mpaka upime. Kwanza jua mlio unafuata injini au unafuata gurudumu. Nenda hiyo hiyo 60, barabara nyoofu isiyo na watu, kamata klachi uache injini ishuke kabisa. Kama bado inakwaruza na inapungua kadiri pikipiki inavyopungua mwendo, shida iko nyuma ya klachi, kuanzia giaboksi kwenda kwenye tairi. Ukishasimama weka nyutro. Ikivuma klachi ikiwa imeachiwa na ukiikamata inanyamaza, hiyo mara nyingi ni beringi ya shafti inayoingia giaboksi. Ikiwa kinyume, yaani ukikamata ndo inalia, angalia beringi ya klachi.

Na hilo la kulia ukiachia mafuta na kutulia ukikaza lishike sana. Meno ya difu, splaini (meno marefu yanayounganisha shafti na vingine) na krosi (kiungo cha shafti kinachokunjika) hubadilisha upande wanaoegemea ukiachia mafuta, ndo maana sauti inageuka. Beringi iliyokufa kwa kawaida haijali hivyo, inavuma tu na spidi.

tairi_mbele
Kabla ya yote pitisha kiganja kwenye tairi la nyuma, mbele kwenda nyuma na kurudi. Likiwa limelika mawimbi linaunguruma kama difu mbovu kabisa. Mi nilifungua kila kitu kumbe ni tairi, nilipoteza siku mbili.

dada_grisi
Mi nipo upande wa oili, ila kwa mipaka yake. Imwage ikiwa ya moto, umetoka kuendesha, alafu chunguza sumaku ya bolti ya kutolea. Uji wa kijivu laini kama dawa ya meno ni kulika kwa kawaida, pangusa endelea na maisha. Ukikuta vipande vinavyong'aa, vya kushikika kwa kucha, hapo beringi au jino linakatika na usiendeshe tena. Angalia pia kama sili (mpira wa kuzuia oili) inavuja upande wa gurudumu, na ushike gurudumu juu na chini ulisukume, likicheza kuna beringi imelegea.

Sasa mipaka. Oili ya difu inakusimulia habari za difu tu. Krosi kwenye pikipiki nyingi haiogi humo, kwa hiyo oili safi haimaanishi shafti haina shida. BMW za boksa (silinda mbili zilizolala kulia na kushoto) za kabla ya Paralever, yaani mkono wa nyuma wenye viungo, shafti yao inazunguka kwenye oili yake ndani ya mkono wa nyuma, hapo unaweza kuimwaga nayo ukaisoma. Ilipokuja R 100 GS yenye Paralever mwaka 1987 shafti ikawa na krosi mbili na ikawa kavu, hakuna oili ya kukuambia kitu. Jua yako ni ya aina gani kwanza.

nati_kumi
Nimerudi. Tairi liko sawa. Klachi nimekamata kwenye 60, mkwaruzo umebaki, umeisha pikipiki iliposimama. Nyutro kimya. Oili ya difu imetoa uji wa kijivu tu, vipande hakuna, gurudumu halichezi. Sasa niiwashe kwenye stendi nitie gia?

mzee_wa_spana
Hapana, subiri. Ukiiweka stendi ya katikati mkono wa nyuma unaning'inia chini, krosi inakaa kwenye pembe kali kuliko ukiwa umeikalia, na gurudumu halina mzigo linarukaruka, kwa hiyo hata isiyo na shida inaweza kugonga. Na vidole karibu na gurudumu linalozunguka ni hatari ya bure. Zima injini, weka nyutro, piga chaki kwenye tairi, uzungushe kwa mkono polepole uhesabu sehemu zinazokaza. Shafti inazunguka kama mara tatu gurudumu likizunguka mara moja. Ukikamata mkazo mmoja kwa mzunguko wa gurudumu, ni breki, beringi ya gurudumu au upande wa kraun (gia kubwa ya difu). Ikiwa kama mitatu, tazama pinioni (gia ndogo inayoizungusha kraun). Ikiwa kama sita, krosi, maana krosi iliyokauka inakaza mara mbili kila shafti ikizunguka.

dada_grisi
Nakubali kuhesabu, ila bisibisi usiitupe mzee. Injini ikiwa nyutro, ncha kwenye giaboksi na mpini sikioni, beringi mbovu unaisikia vizuri sana. Kwa huyu haina kazi kwa sababu nyutro yake iko kimya.

nati_kumi
Nimehesabu mizunguko kumi, mikazo sitini na kitu!! Nimevuta mpira unaofunika shafti nikaingiza vidole, krosi inakaza na kuachia, kumetoka unga mwekundu wa kutu. Ninunue krosi au shafti nzima?

dada_grisi
Toa uangalie vikombe vya krosi. Vikishikwa na klipu, krosi yenyewe inabadilika. Vikiwa vimegongewa chuma kwenye kingo ndo kazi, hapo mpe mwenye mashine ya shafti au utafute shafti nzima. Kama ina krosi mbili na splaini katikati, piga alama ya rangi kabla hujaitenganisha, maana ukiirudisha jino moja pembeni itatetemeka ukiwa spidi. Na splaini usipake grisi yoyote tu, paka yenye molibdeni, ya kawaida inatupwa pembeni inabaki chuma kwa chuma.

nati_kumi
Zilikuwa za klipu, krosi mpya iko ndani. Mkwaruzo umekwisha kabisa, nimeenda mpaka 90 nikiachia mafuta kimya. "Ka!" ya kuondokea imepungua ila ipo. Splaini za upande wa difu zimeanza kuchongoka, nimezipaka molibdeni na nimepiga picha, nikitoa gurudumu kubadili tairi nitalinganisha.

mzee_wa_spana
Zipime na kalipa (kifaa cha kupimia unene) pia, usitegemee picha peke yake.